Mafundi wabomoao ili wajenge mapafu ya mtoto tumboni

Msomaji, ukishuka matatu pale Otonglo, kwenye barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, utawakuta akina mama wakiuza omena. Muulize mmoja wao ni adui gani anayemwogopa zaidi katika biashara yake. Hatakutajia mteja mwenye mazoea ya kukopa. Atakutajia mvua. Omena wasipopata jua la kutosha siku ile ile waliyovuliwa, hulainika, matumbo yakapasuka, na kufikia kesho hawafai ila kulishwa kuku.

Wengi wetu hudhani kwamba anayeharibu samaki ni viini vya kuozesha peke yake. Viini vina sehemu yao, lakini kazi huanzwa na samaki mwenyewe. Ndani ya utumbo wake mna kemikali zilizokuwa zikimsaidia kusaga chakula alipokuwa hai. Akishakufa hakuna wa kuzizuia, nazo huanza kumsaga yeye. Jua hukausha maji ambayo kemikali hizo huyahitaji ili zifanye kazi, na hiyo ndiyo siri ya kuanika.

Kemikali hizo ziko katika jamii ya vimeng'enya. Huenda wewe mwenyewe umezitumia jikoni bila kujua. Mpishi aliyepatiwa nyama ya ng'ombe mzee huifunga kwa majani ya mpapai, kwa sababu utomvu wa mpapai una kimeng'enya kinachoitwa papaini, ambacho hulainisha nyama. Nanasi nalo lina chake, na ndicho kinachokuwasha ulimi ukila vipande vingi mno.

Ili kuelewa yanayotokea, fikiria uzi wa shanga. Protini yoyote, iwe ya nyama, ya nywele au ya ngozi yako, ni uzi mrefu ambao shanga zake huitwa asidi amino. Vimeng'enya tunavyozungumzia leo ni mikasi inayokata uzi huo. Nyama iliyokatwa nyuzi zake hulainika, na samaki aliyekatwa nyuzi zake hupasuka.

Basi ajabu ni hii: mikasi ya ukoo huo huo ndiyo inayojenga mapafu ya mtoto akiwa tumboni mwa mamaye. Ikifanya kazi yake kwa kipimo na kwa wakati wake, mtoto huzaliwa akalia kwa sauti. Ikiponyoka, mtoto hutaabika kupumua, na pengine hukata roho kabla hajapewa jina.

Mti unaoota kichwa chini

Mtoto aliye tumboni havuti hewa. Oksijeni humfikia kwa njia ya kondo na kitovu, kutoka katika damu ya mama. Mapafu yake wakati huo ni kiwanda kinachojengwa, tena kimejaa maji yanayotengenezwa na mapafu yenyewe.

Ujenzi huanza mapema sana, wiki nne hivi baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo akina mama wengi ndio kwanza wanaanza kushuku kwamba wana mimba. Chipukizi dogo huchomoza kutoka kwenye bomba litakalokuwa njia ya chakula. Chipukizi hilo hugawanyika mara mbili, pafu la kulia na la kushoto, kisha kila tawi hugawanyika tena na tena mfano wa mti uliopinduliwa kichwa chini. Ifikapo wiki ya 16 au 17, njia kubwa za hewa zote huwa zimekwisha kuchorwa. Tangu hapo mishipa ya damu husogea karibu, kuta huanza kuwa nyembamba, na kuanzia wiki ya 24 hivi vifuko vya kwanza vya hewa hujitokeza kwenye ncha za matawi. Viribahewa kamili, vile mwanafunzi wa sekondari anavyovichora katika daftari lake, huanza kujengwa karibu na wiki ya 36.

Sasa, tawi linachipuaje? Kila chipukizi limevikwa utando wa protini, hasa ile iitwayo kolajeni, ambayo ndiyo hushika viungo vyetu visisambaratike. Utando huo ni imara. Chipukizi lisipoulegeza haliwezi kwenda mbele, kama vile mzizi wa mti kwenye vilima vya Riat usivyoweza kupita penye mwamba usio na ufa. Kwa hiyo kwenye ncha ya chipukizi chembe za mwili hutoa mikasi, wakaupunguza utando pale tu panapotakiwa kusonga. Penye panda, yaani mahali tawi linapogawanyika, utando huachwa mnene ili uwe nguzo. Ni ufundi wa kukata hapa na kuacha pale, kama fundi cherehani.

Mikasi ya aina hii iligunduliwa mahali ambapo huwezi kupadhania: kwenye mkia wa kiluwiluwi wa chura. Watoto wa Otonglo huwaona viluwiluwi kila msimu wa mvua katika vidimbwi vya kando ya barabara, na huenda wamejiuliza mkia huenda wapi chura anapokomaa. Haukatiki wala hauanguki. Mwaka wa 1962, watafiti Jerome Gross na Charles Lapière, mjini Boston huko Marekani, waliweka vipande vya mkia huo juu ya kolajeni iliyogandishwa kama mchuzi wa makongoro uliolala. Kolajeni ikayeyuka kuzunguka vipande. Mkia ulikuwa ukitoa kimeng'enya cha kujimeza wenyewe.

Tangu wakati huo zaidi ya vimeng'enya 20 vya ukoo huo vimetambuliwa katika mwili wa binadamu. Kila kimoja kina chembe ya madini ya zinki penye makali yake, na bila zinki hakikati kitu. (Usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya zinki kwa sababu ya sentensi hiyo. Kinachotakiwa ni kidogo mno, na muuguzi wa kliniki ndiye wa kukuambia unachokosa.)

Mikasi hii ina mambo mawili ya kuifanya isije ikamkata mwenye nyumba. Kwanza, hutengenezwa ikiwa imefungwa kufuli, na mara nyingi ni kimeng'enya kingine kinachokuja kukata kufuli hilo. Pili, mwili hutoa protini za kuizuia, ambazo ni breki zake. Jambo lililowashangaza wataalamu ni kwamba breki mojawapo, ikiwa kidogo, husaidia kufungua kufuli la mkasi mmoja muhimu wa mapafu, lakini ikizidi huuzima kabisa. Ukitaka mfano, ni kama chumvi na ugali wa mgonjwa. Kipimo ndicho kila kitu.

Panya waliozalishwa maabarani bila mmoja wa mikasi hiyo walionekana kuwa na mapafu yenye vifuko vikubwa vilivyo vichache, mahali palipopaswa kuwa na vifuko vidogo vingi. Vifuko vikubwa si neema. Vikiwa vidogo na vingi, eneo la kupokelea hewa huwa kubwa. Mtu mzima ana viribahewa kati ya milioni 300 na milioni 500 ndani ya kifua chake.

Sabuni ya mapafu

Mti ukishaota, bado mapafu hayajawa tayari. Maji yana tabia ya kujivuta yakawa tone, na tabia hiyo ndani ya kifuko kidogo chenye unyevu hukifanya kifuko kinyauke na kushikamana kila mtoto anapotoa pumzi. Chukua mfuko wa nailoni uliolowa ujaribu kuufungua kwa kuupuliza, utaelewa. Ndiyo maana mapafu hutengeneza kitu mfano wa sabuni, mchanganyiko wa mafuta na protini uitwao safaktanti, unaovunja nguvu hiyo ya maji. Huanza kutengenezwa karibu na wiki ya 24, lakini haitoshi hadi wiki ya 34 au 35.

Mwaka wa 1959, daktari Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead huko Boston walionyesha kwamba watoto waliozaliwa kabla ya wakati na kufa kwa kukosa pumzi walikuwa wamepungukiwa na sabuni hiyo. Ujuzi huo haukuwahi kumwokoa mtoto wa Rais John F. Kennedy wa Marekani. Patrick Kennedy alizaliwa tarehe 7 Agosti 1963, wiki tano na nusu kabla ya siku zake, akiwa na uzani wa kilo 2.1. Baba yake alikuwa na kila daktari aliyemtaka na kila mashine iliyokuwapo duniani. Mtoto aliishi saa 39. Leo mtoto wa umri na uzani huo akizaliwa katika hospitali yenye vifaa vya kawaida hutarajiwa kuishi.

Hata katika sabuni hii mkasi una kazi. Protini moja ambayo safaktanti haifanyi kazi bila hiyo hutengenezwa ikiwa uzi wa shanga 381. Vimeng'enya vilivyomo katika chembe za mapafu huukata huku na huku hadi zinabaki shanga 79 tu, na hizo 79 ndizo zenye manufaa. Kati ya vinavyotajwa katika kazi hiyo kimo kimoja ambacho ni jamaa wa karibu wa kile kinachosaga nyama ndani ya tumbo la chakula. Yaani kile kile kinachomaliza nyama choma yako ya Jumapili kina ndugu yake kifuani, akiwa amekaa kimya anapunguza uzi wa protini kwa ajili ya pumzi. Tangu mwaka wa 1993 imefahamika kuwa wako watoto wachache mno wanaorithi upungufu wa protini hiyo. Hao huzaliwa wakiwa wametimiza miezi yao yote, wanene wenye afya, kisha hushindwa kupumua.

Maji nayo lazima yaondoke. Saa za uchungu wa uzazi zinapofika, vijilango kwenye kuta za mapafu hufunguka vikanyonya chumvi, na maji huifuata chumvi hadi kwenye damu. Vijilango hivyo hufunguka sawasawa baada ya kukatwa kidogo na vimeng'enya vya jamii nyingine ya mikasi. Homoni za uchungu husukuma kazi hiyo. Ndiyo sababu mtoto aliyetolewa kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza wakati mwingine huhema kwa kasi siku moja au mbili, mapafu yakiwa bado na maji.

Mkasi unapoponyoka

Tuje sasa kwenye upande wa huzuni, nao unatugusa sana sisi wa kando ya ziwa.

Mikasi inayojenga mapafu hupatikana pia katika ngozi ya chupa ya uzazi na katika mlango wa mji wa mimba. Siku zikitimia, hulainisha mlango na kuudhoofisha utando wa chupa hadi ikapasuka, jambo ambalo kila mama hulijua. Lakini maambukizo yakiingia huko, chembe za damu za kupigana na viini hufurika zikiwa zimebeba mikasi yao, na hizi hazina simile. Chupa hupasuka mwezi wa sita au wa saba. Mtoto huzaliwa na vifuko lakini bila viribahewa, na sabuni haijatosha.

Halafu kuna la pili. Mtoto huyo akiwekwa kwenye mashine ya kumsukumia hewa na oksijeni nyingi, mapafu yake machanga huumia. Askari wale wa damu huja tena, wakamwaga kimeng'enya kinachokata elastini, protini inayoyapa mapafu uwezo wa kunyumbuka kama mpira. Mtoto aliyetimia ana breki za kutosha katika damu yake, lakini huyu mdogo anazo chache. Ugonjwa sugu wa mapafu unaofuata ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1967 huko California. Mashine iliyomwokoa mtoto ilikuwa pia imechangia kumdhuru, na ndiyo maana madaktari siku hizi wakiweza huanza na njia ya upole zaidi: hewa yenye msukumo mdogo ipitishwayo puani, mrija wake wa pili ukizamishwa ndani ya chupa ya maji. Ukiingia wodi ya watoto wachanga ukasikia maji yakibubujika, si chai inayochemka.

Kwetu Kisumu kuna malaria juu ya hayo yote. Viini vya malaria hujificha ndani ya kondo la mama, wakati mwingine bila yeye kuhisi homa yoyote, na mtoto hudhoofika au huzaliwa mapema. Navyo vina mikasi yao: hutumia vimeng'enya vya kukata protini kula hemoglobini ya damu yetu. Watafiti wa taasisi ya KEMRI walioko Kisian, mwendo mfupi tu kutoka Otonglo, wameufanyia malaria utafiti kwa miaka mingi, ukiwamo ule wa waja wazito. Zile tembe za SP ambazo mja mzito wa eneo la ziwa hupewa kliniki na kuzimeza mbele ya muuguzi, kuanzia mwezi wa nne, zina maana hiyo. Wako akina mama wanaozificha chini ya ulimi kisha wakazitema nje ya lango. Mama mpendwa, uchungu wake ni wa dakika moja.

Sindano na kalenda

Kuna dawa ya kuyakomaza mapafu kabla mtoto hajazaliwa. Ilianza kwa kondoo. Daktari Graham Liggins wa Auckland, New Zealand, alipokuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu, aliona mwanakondoo aliyezaliwa mapema mno akiendelea kupumua baada ya kupewa homoni ya jamii ya kotisoli. Kwa hesabu zote mnyama yule alipaswa kufa. Mwaka wa 1972 yeye na Ross Howie walichapisha matokeo yao kwa akina mama: waliodungwa dawa ya aina hiyo kabla ya kuzaa mapema, watoto wao walipata taabu ndogo ya kupumua. Dawa huharakisha utengenezaji wa sabuni na kuzifanya kuta kuwa nyembamba.

Dawa moja ya jamii hiyo, deksamethasoni, ni ya bei nafuu. Mtu atauliza, kwa nini basi asidungwe kila mja mzito? Kenya ilishiriki katika kulijibu swali hilo. Katika utafiti uliofanywa katika nchi sita, likiwamo eneo la magharibi mwa Kenya, dawa ilienezwa hadi kwenye zahanati za mashambani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2015 yaliwashtua wengi: vifo vya watoto wachanga kwa jumla viliongezeka, vifo vitatu au vinne zaidi kwa kila watoto 1,000. Wengi wa akina mama waliodungwa hawakuwa karibu kuzaa mapema hata kidogo, kwa kuwa umri wa mimba zao haukujulikana sawasawa.

Utafiti wa pili, ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani, ulifanywa katika hospitali za nchi tano, Kenya ikiwamo, kwa akina mama 2,852 ambao mimba zao zilikuwa na wiki 26 hadi 33. Safari hii umri ulipimwa kwa picha ya mashine, na hospitali ziliweza kumtunza mtoto. Katika kundi lililopata dawa walifariki watoto wachanga 19.6 kwa kila 100. Katika lile ambalo halikuipata walifariki 23.5. Hayo yalitangazwa mwaka wa 2020. Dawa ilikuwa ya jamii ile ile. Kilichobadilika ni kalenda na hospitali.

Mwaka huo huo wa 2020 yalitoka matokeo kutoka Migori, huko huko kando ya ziwa, pamoja na Busoga nchini Uganda. Huko hawakuleta dawa mpya. Wahudumu walifunzwa zaidi, rekodi za kuzaa zikaandikwa vizuri, na orodha ya mambo ya kukagua ikatumika kila mara. Vifo vya watoto wadogo waliozaliwa mapema vilipungua kwa takriban theluthi moja. Kwangu mimi habari hiyo ni kubwa kuliko ya mashine yoyote, ingawa haikupata nafasi katika kurasa za mbele.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa wewe ni mja mzito au una dada, mke au binti aliye katika hali hiyo, andika tarehe ya mwanzo wa hedhi ya mwisho na uipeleke kliniki mapema, usingoje hadi tumbo lionekane. Mwambie muuguzi ukihisi maumivu wakati wa kukojoa au ukiona uchafu wenye harufu, kwani maambukizo hayo hutibika. Maji yakivuja au uchungu ukianza kabla ya mwezi wa tisa, usilale ukingoja asubuhi. Nenda hospitali yenye wodi ya watoto wachanga, kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wenyeji wa Kisumu wangali wanaiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi na kufunguliwa mwaka wa 1969, katika siku ya risasi ambayo wazee hawapendi kuihadithia. Deksamethasoni hudungwa mara nne, saa 12 kati ya sindano na sindano. Kila saa unayofika mapema ina thamani.

Na mtoto akishazaliwa, kifua cha mama ndicho kitanda chake. Njia ya kumfunga mtoto uchi kifuani, ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka wa 1978 kwa sababu hospitali haikuwa na inkubeta za kutosha. Mwaka wa 2021 utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto apate nguvu kwanza, hupunguza vifo kwa robo. Baba naye anaweza kushika zamu. Huku amefungwa hapo, amelala, mikasi yake haijalala: viribahewa vipya vitaendelea kukatwa na kugawanywa kifuani mwake wiki baada ya wiki, na kazi hiyo itakuwa ingali inaendelea siku atakapokuwa na miguu ya kukimbilia vidimbwini kutazama viluwiluwi.